Kabla ya Sindano

Miaka kumi na tisa nawalaza watu, hapa juu Kadutu,
kwa chupa ndogo yenye kifuniko cha kijivu.
Miligramu kwa kilo. Hesabu hiyo naifanya
hata umeme ukikatika, hata macho yakiwa mazito.
Lakini chupa haiingii mshipani peke yake.

Bagalwa, wa pikipiki, mguu umevunjika pawili
kwenye mteremko wa Nyamugo, siku ya matope.
Usiku kucha jirani yake wa kitanda, mgonjwa wa ngiri,
alimsimulia: "Dawa ile, ndugu yangu, utafika kwa wafu.
Mimi nilimkuta baba. Alinidai shamba."
Asubuhi Bagalwa akaletwa, midomo imekauka.
Alipozinduka alipiga yowe hadi mafundi
waliokuwa wakipaka chokaa ukumbini wakashuka ngazi.
Alikuwa amemwona marehemu kaka yake,
anavuta mguu uleule, anasema: nipe, ni wangu.

Siku hiyohiyo, chupa ileile, kilichobaki
nilimchoma Nsimire, muuza sambaza, jipu la titi.
Uzito wao haukupishana kilo mbili.
Yeye hakuambiwa neno na mtu. Akaniuliza mimi,
na mimi nilikuwa na haraka, na njaa,
nikasema kilichokuja mdomoni:
"Ni kama kulala chali ziwani, mama. Maji yanakubeba."
Akacheka usingizini. Akaamka amenuna:
tumrudishe majini,
alikuwa bado hajafika Idjwi.

Tangu hapo nauogopa mdomo wangu.

Halafu Zihindula, miaka kumi na minne.
Wodi nzima ilikwisha kumfundisha:
kuta zitapumua, taa itaota meno.
Nilimtundikia serumu tu, maji na chumvi,
nikageuka kutafuta bomba.
"Docta, zinaanza," akasema, kashika shuka kwa ngumi mbili,
"kuta zinaanza."
Chupa ilikuwa bado na kifuniko chake.
Niliutazama ukuta. Nakiri.
Niliutazama.

Daftari letu lina safu ya uzito, ya presha, ya kipimo, ya saa.
Safu ya *kaambiwa nini, na nani* haimo.
Nimeichora mwenyewe pembeni, kwa kalamu nyekundu:
Jirani: wafu.
Mchungaji: mapepo.
Shangazi: asinywe maziwa.
Mimi: ziwa.
Daktari mkuu aliiona, akauliza kama nimeanza kuandika tenzi.

Maana nikificha, na mtu akaona,
atarudi nyumbani akitafuta aliyemroga.
Nikisema, nimepanda mbegu kwa mkono wangu.
Siku hizi nasema nusu na nusu:
"Huenda ukaona vitu. Ni dawa, na dawa huisha.
Chagua sasa mahali pa kwenda."
Mmoja alichagua uwanja wa mpira, yeye ndiye golikipa.
Bibi mmoja alifikiri sana, mpaka daktari akagonga saa yake:
"Walungu. Jikoni kwa mama. Kabla ya vita."
Aliporudi hakutwambia alichokuta.
Alinusa tu viganja vyake, kimoja, kisha kingine.

Alhamisi ni zamu yangu. Uvimbe tumboni, si mkubwa.
Wabiwa atashika sindano, niliyemfundisha mimi,
mpaka namna ya kushusha sauti.
Nikamwomba anidanganye vizuri.
"Uongo upi, mama," akasema, "ambao hukunifundisha wewe?"

Basi nimekuwa nikijaribu mahali, jioni, nikichambua maharage.
Ziwa: limeshachakaa, nimeligawa mno.
Shule ya watawa, uani, mti wa mapera.
Chumba cha kwanza tulichopanga na marehemu mume wangu,
bati linavuja juu ya redio.
Pote napafikia. Napaona vizuri, hata rangi ya mlango.
Na kila mlango, mtu amesimama kwa mguu mmoja,
ananiuliza kwa adabu kama nimeuona wa pili.