Kwa Mjane

Usikitafute kijiji. Hakijakaa pamoja.
Kwenye ramani kuna jina moja, Zabrinje,
limeandikwa juu ya msitu mtupu
maana mchoraji hakujua aliweke wapi.
Nyumba ishirini na tisa, kila moja na kilima chake,
na kati ya jirani na jirani, korongo:
nusu saa kushuka, saa nzima kupanda.
Sauti hufika. Chumvi haifiki.
Kanisa liko katikati,
yaani mbali na kila mtu sawasawa.

Miaka thelathini na mmoja napeleka barua huku,
sasa kwa kigari cha njano kinachohema kuliko mimi.
Namba hazisaidii. Walizigawa kwa kufuata nani alitangulia kujenga,
basi saba inatazamana na ishirini na sita,
na nane iko nyuma ya mlima,
imetupa mgongo kama aliyenuna.

Sisi tunasema Kwa Mhunzi,
ingawa nyundo ya mwisho ilinyamaza bibi yangu akiwa mchanga,
na alalaye humo leo, Drejc,
ni karani wa kodi, viganja laini kama siagi.
Tunasema Kwa Mfinyanzi. Hata kigae hakuna.
Kwa Mjane walikaa kaka watatu,
makapera mpaka kaburini,
na kaburini, chini ya jina la ukoo,
wakachongewa hilohilo: Wa Kwa Mjane.

Kisha akaja Neža Uršič kutoka Ljubljana,
na mumewe, na paka wawili kapuni.
Siku ya kwanza nilimwita, "Mjane, saini hapa."
Akaruka. "Mjane nani?
Mume wangu yule pale anapasua kuni!"
Akabandika jina lake kwenye sanduku la barua.
Mvua ikalifuta. Akabandika tena.
Mara ya nne alitumia rangi ya mafuta;
tukalisoma wote, tukalisifu mwandiko,
tukaendelea kumwita Mjane.

Majira ya baridi ya tatu theluji ilifunga njia siku kumi na moja.
Nilikwama Kwa Mhunzi na mfuko wangu wa barua.
Asubuhi Drejc akasimama kwenye tara la nyasi kavu,
akaweka viganja mdomoni:
"Mjaneee! Unga unao?"
Kimya. Theluji ikadondoka kutoka tawini.
Halafu kutoka ng'ambo, sauti ya kike, kali:
"Ninao, Mhunzi! Wewe mafuta ya taa unayo?"

Na kando yake, kadogo, keusi juu ya weupe,
mumewe, shoka mkononi,
akageuka kumtazama.