Matuta Manne ya Somoe

Somoe alipanda basi la alfajiri kwenda Masasi,
binti yetu wa tatu anakaribia kujifungua.
Akaniachia ufunguo wa kabati, nusu debe la unga,
na kile ambacho miaka ishirini nimekiita kamchezo kake:
matuta manne nyuma ya jiko,
kila moja upana wa kitanda cha kamba.

Mimi ni mtu wa mikorosho.
Mia moja na kumi na minane, kila mmoja najua unapoumwa.
Salfa nimepuliza hadi nikikohoa natoa rangi ya njano.
Mboga kwangu ni kitu kinachotokea sahanini.

Lakini mnada wa kwanza umepita,
wa pili umepita,
na katibu wa chama cha msingi amezidi kuwa hodari wa salamu.
"Wiki ijayo, nang'olo Chilumba. Wiki ijayo."

Simu ya Somoe jioni ile haikuuliza nimekula nini.
"Umemwagia?"
Nikamwambia ndoo ya maji hapa Newala ni pesa, kwani hujui?
"Nani kakutuma ununue?
Maji ya kuoshea mchele yanakwenda wapi?
Ya kunawia? Ya kile kikombe chako kimoja?"
Sikujibu.
Yalikuwa yanakwenda mlangoni, kulaza vumbi.

Nikaanza kwa kujificha, baada ya magharibi,
na sufuria ya ukoko, kama mtu anayekwenda kuiba.

Matembele ndiyo yaliyonisamehe mapema.
Nilikanyaga shina, likakatika.
Nikalichomeka udongoni ili kuficha ushahidi,
na siku ya tisa likanitolea jani.
Jani dogo, jekundu-jekundu, limekunjika kama kidole cha mtoto.
Sijawahi kukutana na kiumbe asiyeweka kinyongo namna ile,
hata katika ukoo wetu.

Mchicha niliung'oa wote, na mizizi yake, nikajipikia kwa nazi,
nikampigia kumsifu.
Kimya. Kisha:
"Unakatwa juu, Chilumba. Chini unauacha uchipue."
Mbegu zimo kwenye kopo la maziwa, juu ya kabati,
changanya na mchanga, rusha kama unalisha vifaranga.
Mchanga nikausahau.
Zikaota pamoja, sehemu moja, nene kama nywele za utosini,
pembeni uwanja mtupu.
Jirani yangu Bi Namtunga alichungulia juu ya makuti,
akacheka mpaka akashika kiuno,
halafu akaingia bila kubisha hodi
akanionyesha namna ya kupunguza.

Nyanya chungu hakuna aliyeipanda.
Imesimama nyuma ya bafu mwaka wa tatu, inakunywa maji ya sabuni,
inazaa, haimshukuru mtu.
Hiyo nadhani tumefanana.

Ila bamia.
Bamia zina haraka ya ajabu.
Asubuhi ni kidole, kesho yake ni mkono,
keshokutwa ni kuni, unapiga kisu kinaruka.
Nilizikosea mara mbili.
Mara ya tatu niliamka kabla ya adhana, na tochi,
nikazichuma zikiwa na umande, zinawasha vidoleni,
nikazifunga kwenye gazeti, nikampa kondakta wa Masasi.
"Za mzazi," nilisema. "Zisikaliwe."

Mtoto ni wa kike, kilo tatu na robo.
Somoe alinitajia hilo kwanza, halafu akasema,
kwa sauti ambayo sikuisikia tangu tulipokuwa vijana,
"Zimefika laini."

Leo chama kimetuita.
Watu wamejaa hadi barazani, wengine wamekalia magunia matupu,
katibu amesimama na karatasi, amevaa miwani,
amekohoa mara mbili, anataka kusoma malipo.
Nikatazama jua, nikainuka.
"Wapi tena, nang'olo? Si ndiyo hii uliyoingoja?"

Bamia, nilisema.
Nilipita jana sikuzichuma.