Jicho kwa Jicho

Mwaka ule Pernik ilinuka makaa hata Jumapili,
na baba yangu, Stoimen, alilipwa kiinua mgongo
kwa kompyuta mbili za kiwanda kilichofungwa:
nzito, kijivu kama mkate wa hospitali.
Moja ikakaa kwetu, ghorofa ya tano.
Ya pili aliibeba begani, akavuka mtaa,
akampelekea Zdravka, aliyekuwa akihesabu mishahara ya mgodi
hadi mgodi ulipokosa mishahara ya kuhesabiwa.

Waya wa kuziunganisha uliuzwa kwa mita.
Baba aliuliza bei, akashukuru, akatoka dukani.
Usiku akaipasua rimoti ya bibi kwa kisu cha siagi,
akaing'oa taa yake, ndogo kama punje ya dengu.

Asubuhi Bibi Penka akabonyeza, akabonyeza,
akaipiga rimoti gotini kama anayevunja yai.
Kisha akaelewa.
"Jicho kwa jicho," akasema,
akaificha miwani ya baba siku tatu
ndani ya gudulia la kabichi.

Kwa hiyo lehemu ya kwanza aliifanya kwa kupapasa.
Mimi nilishika tochi na kukohoa.
Lenzi mbili za kusomea magazeti,
vipande viwili vya bomba la mvua,
gundi, utepe, na matusi niliyokatazwa kuyarudia.

"Hutauona," aliniambia. "Ni mwanga mwekundu
uliokwisha kupita wekundu,
umeshuka ngazi moja chini ya macho yetu.
Joto la pasi ni binamu yake."
Tutajuaje kama umefika?
"Atajibu."

Hakujibu wiki nzima.
Tukaazima kamera ya Gencho, mpiga picha za harusi,
tukaielekeza dirishani kwa Zdravka:
na pale, kwenye kioo cha kamera,
pale ambapo macho yalikuta ukuta na pazia tu,
nukta ya zambarau ilikuwa ikipepesa, ikipepesa.
Siku zote hizo alikuwa akituita.
Sisi ndio tuliokaa upande.

Baba akalisogeza bomba unene wa ukucha.
Herufi zikaanza kudondoka, moja moja,
kama maji ya bomba siku ya mgawo:
N I N A W A O N A

Lakini mwanga ule haukati kona, haupigi hodi ukutani.
Ukungu ukishuka kutoka mlima Vitosha, kimya.
Theluji, nusu ya maneno.
Paka wa ghorofa ya nne akijinyoosha kizingitini, kimya chenye mkia.
Na jioni moja jirani alianika shuka
katikati ya sentensi:
STOIMEN NJOO UCHUKUE SU

Su nini?
Supu, nikasema mimi, kwa kuwa nilikuwa na njaa.
Sukari, akasema baba.
"Sumu," akasema bibi, bila kuinua macho kwenye ufumaji.
Baba akavaa suti, asije akakosea,
akachukua bakuli na mfuko mtupu wa sukari,
akashuka ngazi zote tano huku akijikohoza.

Alirudi saa sita usiku. Bakuli alilisahau.
Hakutuambia lilikuwa neno gani.

Siku hizi mtandao unapenya kuta kama umbeya,
hauulizi nani amempa nani mgongo.
Ule wa baba ulitaka mapazia yafunguliwe,
watu wawili wakae wakielekeana,
na mtu mmoja, saa zote, aende kumsihi jirani atoe nguo.

Bomba la Zdravka bado limefungwa dirishani pale,
nyigu wamelijaza udongo.
Yeye hayupo. Baba hayupo.
Nimenunua rimoti mpya, na usiku mwingine,
kabla sijazima televisheni,
nailekeza kule ng'ambo, nabonyeza mara moja.

Hakuna kinachoonekana.
Ila kwa mwanga ule,
hilo halijawahi kuwa jibu.