Zoezi la Tatu

Taavetti Kuosmanen aliingia na theluji mabegani,
akaikung'uta mlangoni kama mtu anayeingia kanisani,
akavua koti, shati, na fulana ya sufu
yenye viraka viwili vya marehemu mkewe.
Akabaki na soksi.
"Na soksi," alisema mwalimu.
"Sakafu ina baridi," alisema mzee.
Soksi zikabaki.

Tulikuwa kumi na mmoja, kila mtu na kiunzi chake,
jiko la chuma likikohoa pembeni.
Anzeni na kivuli, tuliambiwa, nuru itajileta yenyewe.
Msipake uzee, pakeni maumbo.
Nikapaka maumbo.
Kifua chake nilikipata kwa hudhurungi na kijani kidogo,
kijani ambacho hukioni mpaka uambiwe,
na ukishaambiwa hakikuachi tena,
hata nyumbani, usoni pa baba yako akinywa supu.

Saa nzima hakutikisika.
Miaka arobaini alichonga mawe ya itale bandarini Helsinki;
nadhani ndiko alikojifunza utulivu,
kwa yale yaliyomgomea.

Wakati wa mapumziko alijitanda blanketi, akazunguka
kujitazama, turubai baada ya turubai.
Kwa Edvin alikuwa mtume. Kwa Lempi, mlevi.
Kwa mwingine hakuwa na kichwa bado.
Kwangu alisimama kitambo. Akautoa mkono wa kushoto,
akauweka sambamba na ule nilioupaka.
"Umenirudishia kidole," akasema.

Sikuwa nimeona. Siku tatu nimemkodolea macho,
nimezihesabu mbavu, nimepima kwa mpini wa brashi
toka kitovu hadi goti,
na mkono wangu, kwa mazoea tu, ukavitimiza vitano.

Nikachukua kisu nikikwangue.
"Kiache. Kilikuwa kikinipendeza."
Akapanda tena jukwaani, akamalizie ujira wake.

Picha ilishika nafasi ya sita.
Nyuma yake karani ameandika: Mwanamume mzee, zoezi la tatu.
Ninayo bado, kando ya kabati, imeugeuzia ukuta uso.
Inaishia magotini; soksi hazimo.
Wageni nikiwaonyesha huinama, hukaribia,
hupita kifua, hupita lile bega nililolihangaikia wiki nzima,
wakaja kutua pale pale,
kwenye kidole kimoja chenye wekundu kwenye kiungo.
"Hapa," husema, "hapa ulimwona kweli."