Kwanza Niambie Rangi

"Penye moshi pana moto," watu husema, wakatosheka.
Mimi sitosheki. Nauliza: moshi wa rangi gani?
Saa ngapi? Gari lilikuwa likipanda
au likishuka?

Mama Chibalonza amefika kabla ya saa moja.
Gari lake limelala mlangoni kwangu, hapa Essence,
maana nilimwomba: lisiwashwe.
Nalitaka baridi.
Gari la baridi bado halijajua kujitetea.

Hiace ya dizeli, kijani, usukani kuume,
Japani kwa meli, Dar hadi huku kwa barabara;
yeye ni mmiliki wa nne, au wa saba, karatasi hazikubaliani.
Huenda nalo Kamanyola, hurudi na nyanya,
na kila akimaliza kuupanda Ngomo
waliomfuata nyuma hufunga madirisha.
Lita nzima ya mafuta ya moteri kwa safari mbili!
Mafundi wawili wameshahukumu: turbo imekufa.
Dola mia nne na hamsini.
Mmoja hakufungua hata boneti.

Nazungusha ufunguo. Linakohoa, linashika.
Nasimama nyuma yake kama ninayesubiri barua.

Moshi mweusi ungeniambia: dizeli tele, pumzi haba,
tazama chujio, tazama mpira uliopasuka.
Mweupe, unaonuka utamu: maji yamevuka mpaka, gasketi imesalimu amri.
Buluu ya mara moja, pale pale linapoamka,
ningeshuku sili za valvu.
Lakini leo linaamka safi.

Basi tunangoja.
Dakika kumi linanguruma kivivu.
Mama anahesabu noti bila kuzitoa mkobani,
naona vidole vinavyotembea chini ya ngozi.

Nakanyaga.

Huo hapo. Buluu, mzito, unapanda hadi kwenye kamba ya nguo za jirani,
na jirani anatutukana kwa Kishi, vizuri sana.

Ndiyo, mafuta yanapitia turboni.
Ila anayelia siye kila mara aliyekosa.
Nafungua kifuniko cha mafuta: pumzi ndogo tu, pistoni ni wazima.
Nazima, nangoja chuma kipoe, nang'oa mpira, naingiza kidole.
Shafti inacheza kidogo pembeni, unywele mmoja,
mbele na nyuma haiendi. Mabawa hayajagusa ukuta.
Huyu si maiti.

Nalala chini, juu ya kadibodi.
Turbo hunyweshwa kwa nguvu kutoka juu,
lakini mafuta hurudi nyumbani kwa uzito wake mwenyewe,
kwa bomba moja, nene kama kidole gumba.
Sisi wa Bukavu hatuhitaji kufundishwa hili:
mtaro wa Kadutu ukizibwa na chupa,
mvua hulala kitandani mwako.

Nalifungua bomba.
Ndani, gundi ya gasketi. Nyekundu, imekauka kama ulimi.
Mtu aliibana dola mbili za gasketi,
akapaka, akakaza, ziada ikavimbia ndani.

Naigeuza kwenye mwanga.
Ukingoni kuna alama ya kidole,
na katikati yake kovu la mshazari.
Natazama kidole changu.
Miaka mitatu nyuma. Gari lilikuwa jeupe.
Tajiri wake alikuwa na haraka, nami nilikuwa na njaa.

"Nani alifanya hivi?" anauliza Mama Chibalonza.

Jirani anaanua nguo.
Nafuta mikono, kitambaa kile kile, upande ule ule,
mpaka hakuna tena cha kufuta.

"Mimi," nasema.

Hajibu. Anafunga mkoba, zipu inasikika mpaka barabarani.

Kisha namweleza lililobaki, maana lazima alijue:
gasketi mpya naweka mimi, hulipi kitu.
Na usishtuke kesho kutwa ukiona bado linafuka Ngomo.
Ni mafuta ya zamani, yamelala kwenye bomba la moshi,
yanaungua.
Yatachukua siku kadhaa.
Hata mimi sijui namna ya kuyaharakisha.