Namfundisha Simu Jina la Baba

Daktari wa Kitete kasema nina mtoto wa jicho.
Mtoto huyu halii, hanyonyi,
anakua kwa kula herufi.
Alianza na nukta, akaja mikato,
kufika Novemba nne na tisa zilikuwa kitu kimoja,
nikatuma elfu sitini kwa mtu wa Nzega
ambaye mpaka leo hapokei simu.

Kalunde, binti wa kaka yangu,
ana kibanda cha kutolea kopi nyuma ya stesheni.
Akaifuta simu yangu kwa upindo wa kanga,
akaniwekea programu ya kusomea nyaraka.
"Shangazi, humu tia faili lolote."
Faili ninalo moja:
hukumu ya kiwanja cha Isevya, mwaka themanini na tatu,
kurasa sitini na mbili,
karani aliipiga kwa taipureta
ambayo herufi *a* ilipasuka tumbo.
Kalunde aliichapa upya, jioni tisa, bila kunidai.

Tukaanza na ukubwa.
Kijumlisho nikakibonyeza kama kengele ya mdaiwa,
maneno yakavimba, maandazi ndani ya mafuta,
mpaka ukurasa mzima ukabeba manne tu:
SHAHIDI WA PILI ANASEMA
na zile kurasa sitini na mbili
zikawa mia nane na kumi na moja.
Nilicheka.
Kesi ilikwisha, waliogombana wamezikwa,
bado inaongezeka.

Halafu rangi.
Nyeupe ilinichoma kama bati la Oktoba.
Nyeusi, nikajiona nimechungulia kisima.
Tukatelezesha kidole, huku, kule,
tukaangukia kaki:
bahasha za serikali,
kaptula ya baba alipokuwa mpiga ishara wa reli.
Hapo macho yakakaa kitako.

Mengine nilijifunza peke yangu, usiku, Ng'ambo imelala.
Kuifunga skrini isipinduke nikilala ubavu.
Kuacha utepe mwekundu pale usingizi uliponikuta.
Kutafuta.
Niliandika *baba*.
Hakuna kilichopatikana.
Kumbe mahakamani hakuwa baba wa mtu.
Nikaandika *Mihayo*:
mara arobaini na tatu.

Nikawasha sauti.
Mwanamke yule wa ndani ana pumzi safi,
hakohoi, hamezi mate,
anasoma "mlalamikaji" bila kujikwaa.
Akafika kwa baba, akasema *Maihayu*,
kama mgeni anayeuliza njia ya kwenda Sikonge.
Mara arobaini na tatu, Maihayu.
Na kwetu, kwa Kinyamwezi, mihayo ni maneno.
Anayasoma maneno yote,
Maneno mwenyewe hawezi kumwita.

Kalunde akanionyesha, chini kabisa ya mipangilio,
visanduku viwili:
*neno*, na *litamkwe hivi*.
Nikaandika *mi ha yo*.
Akahesabu hatua kama mgambo.
Nikaziba nafasi. Nikaongeza *h*.
Nikaongeza *a*, akavuta kama anapiga miayo.
Jaribio la kumi na moja,
treni ya mizigo inapita, madirisha yanatetema,
nilidhani nimesikia.
Nikasubiri behewa la mwisho.
Nikabonyeza tena.

Alisema vizuri.
Alisema kama jirani
anayeomba jembe juu ya ua.

Niko asilimia thelathini na nne.
Kila jioni programu inaniuliza:
*Uendelee ulipoishia?*
Nabonyeza *Hapana*.
Narudi anapoapa, *Naitwa Mihayo, nafanya kazi reli*,
na spidi naishusha, sifuri nukta saba,
maana baba hakuwahi kuharakisha sentensi.
Mbele huko hakimu atampa mwingine kiwanja.
Najua. Nilikuwapo, nimebeba kikapu cha chakula chake.

Upasuaji ni Februari.
Kalunde anasema nitazirudia herufi zangu ndogo,
kurasa zirudi sitini na mbili.
Labda.
Kaki yangu asiiguse.