Mengineyo

Naandika muhtasari kwa kalamu ya harusi ya mtu,
jina la bibi harusi limefutika nusu.
Ukumbi wa parokia, Keko Magurumbasi.
Feni moja inazunguka, nyingine inaitazama.
Waliohudhuria: kumi na wanne. Wenye udhuru: wawili.
Walioko mahabusu tangu Jumanne: thelathini na mmoja,
ila hao hawana safu kwenye daftari.

Padri Severini anataka maandamano.
"Mguu kwa mguu mpaka kituoni Chang'ombe,
mimi mbele na kanzu yangu. Wapige picha."
Mchungaji Tuntufye anavua miwani, anaifuta kwa tai:
"Kanzu haizuii maji ya kuwasha, Baba.
Wakianza kukimbia, nani atabeba watoto wa watu?
Tupeleke barua."
"Ya kwanza ilijibiwa?"
"Bado."
"Ya pili?"
Anavaa miwani.

Imamu Kipozeo, aliyekuja na kashata ndani ya bahasha,
anasema subira ni kwa msiba wako mwenyewe,
kwa msiba wa jirani jina lake woga.
Halafu anaomba radhi: Alasiri imeingia.
Tunampisha kona yenye mkeka wa kwaya,
tunangoja, hata wabishi wanashusha sauti.
Hilo sikuliandika.

Kisha Siwema, ambaye mgambo walimvunjia meza ya mitumba
wakaondoka na mumewe:
"Tukae chini. Barabara ya Kilwa, saa moja asubuhi,
magari yakute magoti yetu."
Sasa Padri ndiye anayeshtuka.
"Na gari la wagonjwa?"
"Mume wangu ana sukari, Padri.
Mle ndani, gari lake linapita wapi?"

Kura: saba kwa saba.
Kashata zinazunguka. Mtu anakohoa makusudi.
Mchungaji anasimama polepole, goti lake linalia:
"Mimi msimamo wangu ni barua.
Ila hii ya tatu nitaipeleka mwenyewe, kwa miguu.
Na njia ni ya umma,
siwezi kumkataza mtu kunifuata."

Siwema hacheki. Anauliza lini.
Ijumaa ina msikiti, Jumamosi Wasabato wamo ibadani,
Jumapili haiguswi.
Tunabishana siku kuliko tulivyobishana virungu.

Mengineyo:
feni ya pili itafutiwe fundi.
Jumatatu, saa mbili kamili.
Kila mtu aje na viatu vya kamba.